Maisha ya Philip Henry Gosse, Mfugaji wa Maua ya Bahari

Katika kurasa hizi zimekwisha kuandikwa habari za majemadari, wapelelezi na waganga mashuhuri. Safari hii Chama chetu cha Sayansi kimeniomba nieleze maisha ya mtu wa namna nyingine, ambaye sifa yake ilitokana na vidudu laini vya baharini visivyo na mifupa. Mtu huyo ni Philip Henry Gosse, Mwingereza wa karne ya 19. Yeye ndiye aliyewafundisha watu wa kawaida jinsi ya kuiweka bahari ndani ya sanduku la kioo sebuleni, na neno akwariamu, tunalolitumia leo kwa chombo hicho, lilienea duniani kwa njia ya kitabu chake.

Mnyama aliyempenda kuliko wote ni anemoni wa bahari. Yafaa nimweleze kidogo mnyama huyu, maana wengi wetu tumezaliwa Arumeru, Monduli au Karatu, na bahari tumeiona kwenye ramani tu. Anemoni hana kichwa wala macho. Ana wayo mpana wa kujibandikia mwambani, na juu ana kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri mingi kama petali za ua. Lakini ole wake samaki mdogo anayedhani kuwa hilo ni ua! Kila mnyiri umejaa vimwiba vidogo sana vyenye sumu, navyo hufyatuka mara tu vinapoguswa. Ukimgusa wewe hujikunja, akawa kama kinundu cha nyama tu.

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili, 1810, katika mji wa Worcester. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo ndogo za sura za watu, akizunguka mji hata mji kutafuta wateja, na nyumbani hakukuwa na fedha. Familia ilihamia Poole, bandari ya kusini mwa Uingereza, na huko mtoto akajifunza mambo mawili: kwa baba yake alijifunza kuchora vitu vidogo kwa usahihi mkubwa, na kwa shangazi yake, Bibi Bell, alijifunza kutazama viumbe. Shangazi huyo ndiye aliyemwonyesha anemoni wa ufukweni, akamshauri awaweke katika chombo cha maji ya bahari ili awatazame kwa nafasi. Sidhani kama Bibi Bell alijua kwamba chombo kile kingeleta jambo kubwa.

Shule hakusoma sana, kwa sababu ya umaskini. Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, alipelekwa ng'ambo kuwa karani wa wafanya biashara wa samaki na mafuta ya sili huko Carbonear, katika kisiwa cha Newfoundland. Mwaka 1832 alinunua kitabu cha kale juu ya hadubini, na tangu hapo hakuacha tena kukusanya na kuchora wadudu. Baadaye akajaribu kulima huko Kanada, na shamba likamshinda. Mwaka 1838 akaenda Alabama, Marekani, akawa mwalimu wa watoto wa wenye mashamba ya pamba. Nchi ile ilikuwa na vipepeo wa ajabu, naye akawachora kwa furaha. Lakini alichukizwa mno na jinsi watumwa walivyotendewa, hata hakukaa mwaka mzima. Mapema mwaka 1839 alirudi kwao akiwa maskini kama alivyoondoka, ila ameshika kichwani na daftarini mambo mengi.

Kitabu chake cha kwanza, juu ya viumbe wa Kanada, kilitoka mwaka 1840. Halafu mwaka 1844 alikwenda Jamaica, akakaa muda wa miezi 18 hivi. Nataka msomaji asiipite haraka sehemu hii. Huko alisaidiwa na kijana wa Kijamaika aitwaye Samuel Campbell, hodari wa kuwatambua ndege na kuwawinda, na Gosse alimtaja na kumsifu waziwazi kitabuni. Alisaidiwa pia na Bwana Richard Hill, hakimu wa Spanish Town, ambaye kwa upande wa mama yake alikuwa na damu ya Kiafrika. Jina la Bwana Hill liliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu cha ndege wa Jamaica, kilichotolewa mwaka 1847. Siku zile wataalamu wengi wa Ulaya walitumia maarifa ya wenyeji, kisha wakayaita yao. Gosse alikuwa na makosa yake, kama tutakavyoona, lakini si hilo.

Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vijitabu vya dini, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Edmund. Gosse akaandika mchana na usiku ili kuilisha nyumba yake, mpaka afya ikamvunjika. Mapema mwaka 1852 aliiacha London, akaenda na mkewe na mtoto kwenye pwani ya Devon ili apumzike. Mapumziko gani! Kila maji yalipokupwa alishuka miambani na nyundo, tindo na mitungi, mara nyingine akiingia majini hadi kiunoni. Anemoni hakumbandua kwa kumvuta, kwa sababu wayo ukichanika mnyama huweza kuoza na kufa. Alipasua kipande cha jiwe alilolishika, akamchukua mnyama pamoja na kiti chake.

Hapa ndipo ilipo shida yenyewe. Kumchukua anemoni ni rahisi. Kumweka hai ni kazi. Ndani ya mtungi hewa iliyomo majini huisha, uchafu huongezeka, na siku chache baadaye maji hunuka. Watu wachache walikuwa wamekwisha kulitafutia jambo hili dawa. Bibi Anna Thynne wa London, tangu mwaka 1846, aliwaweka hai matumbawe ya Devon kwa kuamuru maji yamiminwe huku na huku karibu na dirisha lililo wazi ili yachanganyike na hewa. Mkemia Robert Warington alionyesha kwamba mimea ya majini ikipata mwanga huwapa wanyama hewa wanayoihitaji, na wanyama nao huilisha mimea. Gosse hakudai kwamba yeye alikuwa wa kwanza. Sifa yake ni kuwa aliyafanyia majaribio mambo hayo kwa subira, halafu akayaeleza kwa lugha ambayo hata mwenye duka aliielewa.

Mwezi wa Mei, 1853, Nyumba ya Samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, nayo ndiyo akwariamu ya kwanza ya watu wote duniani. Gosse alikuwa miongoni mwa waliokusanya wanyama wa kutiwa humo. Mwaka uliofuata ndipo alipotoa kitabu chake The Aquarium, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe, nacho kikauzwa sana.

Katika mwaka huo huo wa 1854 alifanya jambo ambalo sisi wa Arusha twapaswa kulifurahia kuliko wengine. London haiko pwani. Kuyaleta maji ya bahari kulikuwa na gharama, na mara nyingi yalifika yamechafuka. Basi Gosse akatazama hesabu ya wakemia juu ya vitu vilivyomo katika maji ya bahari, akachukua chumvi nne tu: chumvi ya kawaida ya mezani, chumvi ya haluli ambayo wazee wetu waliijua kama dawa ya kuharisha, kloraidi ya magnesi na kloraidi ya potasi. Akaziyeyusha katika maji matamu kwa kipimo. Hakuharakisha kutia wanyama. Aliweka kwanza mwani, akaacha siku kadhaa zipite. Ndipo akatia anemoni na wenzake, nao wakaishi. Tangu siku hiyo mtu aliye mbali na pwani aliweza kufuga viumbe wa bahari.

Sasa niruhusuni nitoke kidogo Uingereza. Shule yetu iko chini ya Mlima Meru, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenda Tanga kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo, katika maabara yetu lipo tangi la kioo la lita 120, na ndani yake yumo anemoni mmoja, Entacmaea quadricolor, aina inayopatikana pia katika matumbawe ya pwani yetu. Tulipewa na familia moja ya mjini iliyokuwa ikihama. Mimi ni mmoja wa wanafunzi watatu wanaomtunza, na kila nikisoma habari za Gosse nashangaa jinsi shida zake zilivyo shida zetu.

Kwanza ni maji. Mtu asidhani kwamba, kwa kuwa maziwa ya Momella yana chumvi, twaweza kuyachota. Chumvi ya Momella, kama ile ya Ziwa Natron, ni ya magadi. Anemoni akitiwa humo atakufa. Hata maji matamu ya hapa si ya kuaminiwa. Chemchemi na visima vingi vya miteremko ya Meru vina floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watu wengi wa wilaya hii ni ushahidi wa kutosha. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati huchukua zinki, na wanyama wa jamii hii huumizwa na madini ya namna hiyo, hasa shaba. Kwa hiyo sisi hutumia maji yaliyokenekwa maabarani, tukayatia chumvi ya bahari iliyotengenezwa viwandani, gramu 35 hivi kwa lita moja. Tangi lina alama kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya alama twaongeza maji matamu peke yake, maana maji ndiyo yanayovukizwa, chumvi hubaki. Mwenye kuongeza maji ya chumvi kila siku atajikuta amefanya kachumbari.

Pili ni hewa na joto. Juu hapa hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani, karibu asilimia 15 pungufu. Kwa hiyo pampu haizimwi. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Meru huweza kushuka hadi nyuzi 12, hali mnyama huyu ataka nyuzi 24 hadi 27. Kipasha joto kipo, na umeme ukikatika usiku bwenini, mmoja wetu huamka kulifunika tangi kwa blanketi. Gosse hakuwa na shida hii, kwa sababu anemoni wake walikuwa wa bahari ya baridi. Yeye aliogopa joto la kiangazi.

Tatu ni jambo ambalo Gosse hakulijua. Anemoni wengi wa bahari zetu za joto wana mimea midogo sana ndani ya ngozi zao, isiyoonekana ila kwa hadubini. Mimea hiyo hufanya usanisinuru na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Mnyama akikosa mwanga mkali, au maji yakizidi joto, mimea humtoka, naye huwa mweupe. Mweupe huyo hupendeza macho ya wageni, kumbe ana njaa. Hatukujua pia zamani kwamba tangi jipya halifai. Lazima kwanza bakteria waote katika mchanga na mawe, wale wanaoigeuza sumu ya amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Kwa anemoni wengi hushauriwa kungoja miezi.

Jambo la nne ni la tabia tu. Anemoni akitiwa tangini huchagua kiti chake mwenyewe. Atatembea kwa wayo polepole, pengine usiku kucha, mpaka apate ufa wa jiwe wenye giza kwa wayo na mwanga kwa minyiri. Akisogea, usimrudishe. Ziba tu mdomo wa pampu kwa sponji, asije akavutwa humo. Mlishe kipande cha kamba kisichozidi ukubwa wa kinywa chake, mara moja au mbili kwa juma, na alichokitema kitolewe upesi. Akisinyaa kwa saa chache, mwache, huenda anatoa maji machafu. Bali akisinyaa siku nyingi, kinywa kikabaki wazi, na wayo haushiki tena, atolewe mara moja, maana akifia ndani atachafua maji yote. Karibu hayo yote, ila mambo ya pampu, waweza kuyakisia kutokana na vitabu vya Gosse. Alikuwa mtu wa kutazama, na kwa mfugaji wa anemoni kutazama ndiyo nusu ya kazi.

Turudi kwake. Mwaka 1856 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mtu aliyeacha shule mapema. Lakini mwaka huo huo mkewe aligunduliwa ana saratani ya titi. Alitibiwa kwa dawa mpya iliyomtesa sana, na Februari 1857 akafariki. Gosse akabaki na mtoto wa miaka saba. Miezi michache baadaye alitoa kitabu kiitwacho Omphalos. Yeye alikuwa mfuasi wa madhehebu madogo ya Kikristo, mwenye imani kali, naye alitaka kupatanisha Kitabu cha Mwanzo na umri mkubwa wa miamba. Akasema kwamba dunia iliumbwa ikiwa tayari na dalili za uzee, kama vile mti wa kwanza ungekuwa na duara za miaka ambayo haikupita. Wanasayansi walimcheka, na waumini nao hawakufurahi, kwa kuwa waliona kana kwamba anamsingizia Mungu hila. Nakala nyingi ziliuzwa kama karatasi taka. Mimi naona kitabu kile ni kazi ya mtu mwenye majonzi, wala sipendi jinsi wengine wanavyomkumbuka kwa hicho tu.

Mwezi wa Septemba, 1857, alihamia moja kwa moja St Marychurch, karibu na Torquay katika Devon, akarudi kwa anemoni wake. Kati ya mwaka 1858 na 1860 alitoa, sehemu kwa sehemu, kitabu chake kikubwa Actinologia Britannica, kinachoeleza anemoni na matumbawe yote ya Uingereza yaliyojulikana wakati ule. Michoro yake ni sahihi kiasi kwamba wataalamu wa baadaye waliendelea kuitumia. Mwaka 1860 alioa tena, Eliza Brightwen, mwanamke mpole aliyemlea Edmund vizuri.

Wakati huo ile mbegu aliyoipanda ilikuwa imeota vibaya. Kodi ya vioo ilikwisha kufutwa mwaka 1845, reli zilifika pwani, na kila nyumba yenye uwezo ikataka akwariamu. London kulikuwa na duka la William Alford Lloyd lililouza wanyama wa bahari na hata maji yake. Watu kwa maelfu walishuka miambani, kitabu cha Gosse mkononi, wakipindua mawe bila kuyarudisha na kung'oa anemoni kwa visu. Wengi wa wanyama hao walikufa juma lile lile, kwa sababu wanunuzi walisoma sura ya kukusanya, wakaiacha sura ya kutunza. Mtindo ukapoa katika miaka ya 1860, lakini vidimbwi vya Devon vilikuwa vimekwisha kuporwa. Edmund, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu, alieleza katika kitabu chake Father and Son cha mwaka 1907 jinsi baba yake alivyohuzunika alipoiona pwani ile imekuwa tupu, naye akijua kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyowaleta waporaji.

Linganisha habari hiyo na ya anemoni mmoja wa Scotland. Sir John Dalyell alimwokota mwaka 1828, akamweka katika mtungi wa kawaida na kumbadilishia maji kila siku. Sir John alikufa mwaka 1851. Mnyama akarithiwa na rafiki mmoja baada ya mwingine, akazaa watoto mamia, watu wakamwita Bibi, naye akafa mwaka 1887. Yaani mnyama huyu, akitunzwa, huweza kumzika bwana wake.

Gosse alimfuata Bibi huyo baada ya mwaka mmoja. Uzeeni alifuga maua ya okidi na kutazama nyota kwa darubini. Majira ya baridi ya 1887 hadi 1888 alipigwa na baridi ya usiku akiwa darubinini, akaugua mapafu. Alifariki tarehe 23 Agosti, 1888, akiwa na miaka 78.

Katika mkutano wa mwisho wa Chama chetu mjumbe mmoja alitoa shauri kwamba muhula ujao, tutakapokwenda Tanga kwa ziara ya masomo, tulete anemoni wengine watatu, ili tangi lijae na wageni wa siku ya wazazi wapate la kutazama. Wengi walipiga makofi. Tangi la lita 120 haliwatoshi wanne, maana wakigusana huchomana. Na anayepandisha anemoni kwa basi kutoka Tanga mpaka hapa hana hakika kwamba atafika hai. Shauri hilo litapigiwa kura wiki ya kwanza ya muhula, na kura yangu ni ya kukataa.